Chenso za zamani zipigwe marufuku kuingizwa nchini? Tujadili

Wakuu, juzi kijiweni hapa Mafinga jamaa katoa hoja serikali izuie chenso (misumeno ya injini) za moshi kama Stihl 070, eti hata California, jimbo la Marekani, washapiga marufuku chenso za petroli tangu 2024, watu nusura wazichape. Mimi 070 nimeishika miaka tisa napasulia paina na milingoti, nasema yangu halafu mnishambulie.

Ile mashine ni cc 106, gogo nene haliogopi. Plagi ikichafuka unaipangusa, kabureta unaseti kwa bisibisi ukisikiliza mlio, kazi inaendelea. Lakini ina kilo zaidi ya 10 kabla hujafunga bar (lile bamba linalobeba mnyororo), breki ya mnyororo haina, na jioni ukipenga kamasi linatoka jeusi. Halafu tuu-stroku (injini za mipigo miwili) za zamani zina ugonjwa wao, mchanganyiko mpya wa petroli na hewa unaingia kwenye silinda wakati tundu la eksozi bado liko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli inatoka mbichi bila kuungua. Ile harufu unayorudi nayo nyumbani mpaka mama watoto anakutoa nje ukaoge kwanza, ni hela yako ile.

Chenso mpya zenye injini kama X-Torq za kampuni ya Husqvarna au 2-MIX za Stihl zinatanguliza hewa safi isukume moshi nje, petroli ndo inafuata. Husqvarna wenyewe wanadai mafuta yanapungua hadi asilimia 20. Kasheshe ni kabureta, ili zipite viwango vya moshi nyingi zina vikofia vya plastiki vinavyozuia skrubu isizunguke sana, na nyingine zinajiseti zenyewe kwa umeme. Ikigoma, fundi wetu anabaki kuikodolea macho.

Kwa hiyo mimi nasema marufuku hapana, ila anayenunua leo asinunue 070.

— Mkuu hapo California mmelishwa nusu. Walichozuia ni kuuza mpya zenye injini ndogo, chenso za cc 45 kwenda juu hazimo maana ziko chini ya sheria ya taifa zima. Na ya zamani uliyonayo unaendelea kutumia. Kwa hiyo hata huko mashine ya kazi hawajaigusa.

— Nyie mnaongelea 070 orijino, ipo wapi? Zimejaa kopi, niliuziwa moja haikumaliza msimu pistoni ikakwaruzika. Ukizuia orijino hizo kopi ndo zitapata soko.

— Mleta mada umejichanganya kaka, kamasi jeusi halafu marufuku hapana? Anayevuta ule moshi ni kibarua, chenso ya bosi. Bosi yupo mjini anahesabu mbao.

— Hapo umenishika, maana hata hii niliyonayo si yangu. Haya, mabosi mliomo humu, nani kati yenu kashawahi kushika chenso siku nzima?