Tupeane uzoefu: siku uliyoiona bendi yako kwa macho

Mwana Kondele: Jana kwa kinyozi kuna kaka aliweka Shirati Jazz, ile bendi ya benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, nikaganda mlangoni. Nimekumbuka usiku niliowaona laivu mara ya kwanza. Wewe yako uliiona lini?

Dada wa Lanet: Sauti Sol, Uhuru Gardens, Novemba 2023, ile ya kuagana. Nilitoka Nakuru alfajiri. Polycarp alipogusa gitaa nililia mbele za watu. Nimewasikiliza tangu shule ya upili.

Mpenda Roki: Mna bahati. Zangu za roki bado naziona kwa simu tu.

Mjukuu wa Ahero: Ngojeni yangu. Baba alikuwa na santuri za Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, amezifunga kwa gazeti, mtoto haruhusiwi kugusa. Alisema gitaa la benga ni nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, iliyotiwa umeme, ukitulia unasikia zile nyuzi nane. Alifariki bila kumwona Misiani akipiga. Mapema 2006 nikasikia wanapiga Kisumu Jumamosi. Nilikuwa kibarua Nakuru, nikapanda matatu jioni. Kabla ya Kericho gari likazima. Mvua, giza, konda anasema tungoje lingine. Saa tatu. Saa nne. Saa tano! Niliketi kando ya barabara na uchungu kama wa matanga, naona nimemwangusha mzee. Lori likatubeba. Nilifika saa nane usiku. Nikiwa nje nikasikia waimbaji wamenyamaza, magitaa yanakimbizana peke yake, nikajua watu wote wameinuka kucheza. Bawabu anataka kiingilio na mimi nina nauli ya kurudi tu. Nikampa yote. Ndani, Misiani amesimama na gitaa, mzee wa miaka sitini na kitu, mwili umetulia, vidole ndivyo vinakimbia. Sikucheza. Nilisimama mbele ya spika hadi kukapambazuka. Mei 17 mwaka huohuo akafariki kwa ajali ya barabarani, hapohapo Kisumu.

Dada wa Lanet: Woi. Nimesoma mara mbili.

Baba Tatu: Ndiyo maana nasema nauli ya kurudi iwe kwa soksi. Na usikae karibu na spika, masikio yangu yalilia siku tatu.

Mwana Kondele: Hapana, karibu na spika ndipo besi inakuingia kifuani. Weka pamba.

Mzee wa Migori: Msisahau Misiani alikuwa Mtanzania, mzaliwa wa Shirati, mkoa wa Mara.

Mwana Kondele: Kuzaliwa sawa, mzee wangu, lakini jina alilipata huku Kenya. Alikuwa wetu.

Mzee wa Migori: Nyimbo zake zilipowachoma wakubwa alifungwa, akarudishwa Tanzania. Siku hiyo alikuwa wa nani?

Mwana Kondele: Hapo nimenyamaza.

Mpenda Roki: Mjukuu, Nakuru ulirudije bila nauli?

Mjukuu wa Ahero: Jumapili asubuhi niliuza koti soko la Kibuye. Lilikuwa la baba.