Ukoo wa Pangani: Zuhura bado yuko ziwani

JUMAPILI

Mama (21:14): Asalaam aleikum wanangu. Zuhura alisema Jumapili saa sita mchana ya huko atakuwa ametoka. Saa hizi kwao ni saa saba imepita. Juma, simu yake inaita?

Juma (21:20): Waaleikum salaam Mama. Haipatikani. Kule ndani hakuna mtandao, alishatuambia. Tumpe muda kidogo.

Shangazi Mwanahawa (21:26): Muda gani tena? Mtoto wa kike, peke yake, mtumbwini, kwenye baridi ile. Mimi tangu Alhamisi usingizi sina. Hivi nani alimkubalia?

Juma (21:27): Shangazi, ana miaka 34.

Shangazi Mwanahawa (21:27): Hata akiwa na 60.

Juma (22:03): IMEINGIA. Nawawekea kama ilivyo: "Upepo mkali. Nimebaki kambini Lake Four. Mzima. Natoka kesho." Ametuma kwa kile kifaa cha setilaiti.

Mama (22:05): Una hakika ni yeye? Maneno makavu hivyo, hata salamu hamna.

Juma (22:06): Kifaa kinapokea herufi 160 tu Mama.

Ba'mdogo Hamisi (22:15): Shemeji, yasome tena yale maneno mawili: "nimebaki kambini". Nimekula bahari miaka arobaini. Wenzangu niliowazika, na wale ambao hatukupata hata wa kuwazika, ni waliosema lazima tufike leo. Huyu amekaa nchi kavu. Lala.

Mama (22:18): Kulala siwezi. Ila nimekusikia.

JUMATATU

Zuhura (20:06): Shikamooni nyote. Nimetoka salama, niko mjini Ely, nimeshika kikombe cha chai. Mama, nisamehe kwa usiku wa jana.

Mama (20:06): Alhamdulillah

Mama (20:07): Alhamdulillahi rabbil alamin. Nitumie picha ya uso wako, sasa hivi.

Zuhura (20:08): [picha]

Mama (20:09): Midomo imepasuka. Unakula wewe?

Zuhura (20:10): Nakula Mama. Ni upepo tu.

Ba'mdogo Hamisi (20:12): Marahaba mwanangu. Hebu tueleze. Upepo ulitoka wapi, nawe ulikuwa unaelekea wapi?

Zuhura (20:19): Ulitoka kaskazini-magharibi, Ba'mdogo, na njia yangu ya kurudi ni magharibi, kwa hiyo unanipiga usoni upande wa kulia. Hapa mahali panaitwa Boundary Waters, Marekani, mpakani na Kanada. Ni maziwa zaidi ya 1,000 ndani ya msitu, na karibu kote injini ni marufuku. Unapiga kafi mpaka ziwa liishe, unabeba mtumbwi kichwani, unashuka ziwa jingine. Nilianzia Lake One, nikapita Two, Three, Four, Hudson, mpaka Insula. Kurudi ndio nikakuta Lake Four na Three zimechafuka, mawimbi yana povu.

Shangazi Mwanahawa (20:21): Unabeba mtumbwi kichwani? Wewe?

Zuhura (20:23): Si wa mwembe, Shangazi. Huu ni wa kevla, nyuzi nyepesi lakini ngumu, kama kilo 19. Una mti wa kukingama katikati unaoukalisha mabegani. Kati ya Hudson na Insula ni kama nusu kilomita ya mawe na mizizi. Mtu peke yake anavusha mtumbwi, anarudi mikono mitupu, anakuja na mzigo. Nusu kilomita inakuwa moja na nusu.

Ba'mdogo Hamisi (20:25): Na mtumbwi mwepesi hivyo, mtu mmoja, upepo wa usoni. Farumi, uzito wa kuutuliza, uliweka nini?

Zuhura (20:29): Nilijua utauliza hilo! Mtumbwi wenyewe ni wa watu wawili, wa mtu mmoja ilikuwa imeshakodishwa yote. Ukikaa kiti cha nyuma peke yako omo, ile pua ya mbele, inanyanyuka, upepo unaizungusha kama jani. Basi niliugeuza: nikakaa kiti cha mbele nikitazama tezi kule nyuma, ikawa tezi ndiyo omo, nami nimesogea karibu na katikati. Mbele nikaweka begi la chakula na mfuko wa lita kumi niliojaza maji ya ziwa.

Ba'mdogo Hamisi (20:30): Sawasawa kabisa.

Ba'mdogo Hamisi (20:31): Kwa hiyo ungeweza kujaribu kuvuka.

Zuhura (20:35): Ningeweza. Jumapili asubuhi nilishafunga kila kitu, nimesimama ufukweni nimevaa jaketi la kuokolea, nimeshika kafi. Nikakumbuka maji. Oktoba maji ya huku yanakaribia ya friji. Ukitumbukia, dakika ya kwanza kazi yako ni kupumua tu, maana kifua kinashituka. Baada ya hapo una kama dakika kumi mikono ingali inakutii. Saa moja, pengine zaidi, unaanza kupoteza fahamu. Na mimi katikati ya ziwa nina nani wa kunivuta? Nikafungua mzigo, nikasimamisha hema upya. Nilikaa siku nzima nasikiliza upepo. Ilikuwa siku ngumu kuliko zote, maana nilijua Mama anahesabu saa.

Mama (20:37): Nilikuwa nahesabu kweli.

Zuhura (20:40): Leo alfajiri nikatoka nje, kimya. Ziwa limelala. Kabla jua halijachomoza nikawa majini.

Ba'mdogo Hamisi (20:41): Umengoja umande. Ndivyo tulivyokuwa tukivuka kwenda Bweni na marehemu babu yako, upepo haujaamka.

Juma (20:44): Dada kulikuwa na watu?

Zuhura (20:47): Siku tatu sikuona mtu. Kuanzia Oktoba 1 hakuna kugombania vibali, unajijazia mwenyewe pale mwanzo wa njia. Miti mingi imeshapukutisha. Uliobaki ni tamaraki, jamaa ya misonobari, lakini sindano zake zinageuka rangi ya dhahabu na kudondoka, maji yote pembezoni yana njano. Na kule Insula msitu uliungua mwaka 2011, moto mkubwa wa radi. Sasa misonobari michanga imesongamana kama mahindi. Kuna aina ambayo matunda yake yamegandishwa na utomvu, hayafunguki mpaka yapate joto kali. Moto ndio uliozimwaga mbegu. Nilikaa sana pale.

Shangazi Mwanahawa (20:50): Na dubu?

Zuhura (20:52): Wapo, weusi. Sikumwona hata mmoja. Chakula unakitundika juu ya mti mbali na hema, na dagaa sikubeba. Shangazi, kule ni kwa Waojibwe, wenyeji wa asili, tangu zamani. Mkataba wa 1854 uliichukua ardhi lakini ukawaachia haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna. Wana mpunga unaoota wenyewe majini, wanauita manoomin. Mwisho wa Agosti na Septemba wanapita na mtumbwi, mmoja anasukuma kwa pondo, mwenzake anainamisha masuke kwa fimbo mbili na kuyagonga, punje zinaangukia ndani. Nimekununulia pakiti.

Shangazi Mwanahawa (20:54): Mpunga wa mtumbwini! Ulete, nitaupika kwa nazi tuone.

Mama (20:58): Zuhura. Kwa nini peke yako?

Zuhura (21:05): Mama, kazini kwangu kengele haikomi. Wazee 22 usiku mmoja, huyu maji, huyu choo, huyu analia anamwita mke aliyekwishakufa. Nawapenda. Lakini miaka sita sijakaa siku moja ambayo hakuna anayeniita. Nilitaka siku nne za namna hiyo.

Mama (21:06): Hata mimi nisikuite?

Zuhura (21:09): Wewe ndiwe niliyekuwa nazungumza naye. Kuna ndege huku, luuni. Oktoba wakubwa wameshatangulia kusini, makinda wanabaki peke yao na baadaye wanaijua njia mpaka baharini. Mmoja alikuwa anakuja jioni karibu na kambi. Nilikuwa namsimulia habari zako.

Mama (21:11): Mama yake katangulia. Mimi si ndege, mwanangu. Mimi bado nangoja.

Zuhura (21:11): Najua Mama.

Mama (21:15): Hicho kifaa, ujumbe wake unapokelewa na simu gani?

Zuhura (21:15): Yoyote. Hata hiyo yako.

Mama (21:17): Basi niandike mimi wa kwanza, kabla ya Juma. Na uanze na salamu.

Zuhura (21:18): Herufi 160 zinatosha na salamu. Nimekuandika sasa hivi.

Mama (21:20): Haya. Nakwenda kulala.