Kaka yangu ana MS inayozidi polepole, nini kinaharakisha ulemavu?

MdogoWake: Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu ana miaka 48 na anaugua multipo sklerosisi (MS), ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, ile aina inayodidimia tangu mwanzo bila kulipuka na kutulia. Mwaka jana alitembea bila kushika kitu, sasa ana fimbo. Kliniki tunakutana na mama mwenye MS ya muda mrefu kuliko yake, na anatembea vizuri tu. Kwa nini ugonjwa wa mmoja ukimbie na wa mwingine utambae? Sigara bado anavuta, nisiwafiche.

FimboMoja: Pole kwa kuuguza. Mimi yangu ilianza kwa kulipuka na kutulia, ikageuka ya kudidimia baadaye. Yule mama mwacheni, huenda hata aina si moja. Ya kaka yako huwapata kama 10 hadi 15 katika kila wagonjwa 100, na mara nyingi huanza karibu na miaka 40, wakati ile ya kulipuka huanza karibu na 30. Umri una uzito sana hapa, maana ubongo ukizeeka unashindwa kufidia neva zilizokufa. Halafu kuna suala la makovu ambayo ugonjwa huacha kwenye neva, yako wapi. Yakiwa kwenye uti wa mgongo, miguu huathirika mapema. Ulizeni picha ya MRI ya uti wa mgongo inasemaje.

Hayo hamna la kuyafanya. Sigara mnaiweza. Wavutaji huzidiwa haraka, na kuacha kuna faida hata kwa aliyekwisha kuugua. Presha na kisukari navyo visiachwe vikatamba.

Kijani77: Mpeni biotini (ile vitamini) dozi kubwa, jirani yangu ilimsaidia.

NesiWaZamu: Kijani, hapana. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa MS inayodidimia, na matokeo ya 2020 hayakuonyesha tofauti na kidonge bandia. Tena inavuruga vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo, mtu akaanza kutibiwa ugonjwa asio nao.

MdogoWake, dawa ya kumuuliza daktari ni okrelizumabu, iliyoidhinishwa Marekani 2017 kwa aina hiyo hiyo. Kwenye jaribio lake ilipunguza hatari ya ulemavu kuzidi kwa 24%. Hairudishi kilichopotea, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama.

Swali: hiyo fimbo ilikuja taratibu au ghafla? Maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), homa, hata joto kali vinaweza kumlegeza mtu miguu kwa muda. Kibofu cha wagonjwa hawa mara nyingi hakitoi mkojo wote, na UTI inaweza kuja bila maumivu. Pimeni mkojo kabla ya kusema ugonjwa umepanda.

MdogoWake: Taratibu, dada, kwa miezi. Kinachonichanganya ni kwamba daktari anasema alama yake ya ulemavu bado ni 6 kama mara iliyopita, ilhali vifungo vya shati sasa vinamshinda. Namwona anakazana na kifungo cha juu mpaka anakasirika.

NesiWaZamu: Kipimo hicho ni cha 0 hadi 10, na huko juu kinaangalia zaidi kutembea. Sita ni mtu wa fimbo moja. Mikono ikidhoofu, alama inaweza isisogee hata kidogo. Ombeni kipimo cha vijiti 9: anavichomeka kwenye matundu kimoja kimoja kisha anavitoa, kila mkono ukipimwa muda wake. Kikirudiwa kila ziara, mtaona mwelekeo. Na hilo la shati mwambieni daktari kama ulivyotuambia sisi.

FimboMoja: Mazoezi pia. Watu huogopa kuwa yatamchosha mtu na ugonjwa uzidi, lakini misuli iliyolala nayo inaongeza ulemavu wake juu ya ule wa neva. Apate mtu wa fiziotherapia, afanye wakati wa ubaridi.

MdogoWake: Asanteni sana. Jambo la sigara nani amkabili nalo, maana mimi hanisikii?

FimboMoja: Mwachie daktari wake aseme, wewe umsindikize tu. Sisi wagonjwa ndugu tukiwasikia sana tunakuwa wabishi 😅 Na aombe dawa za kusaidia kuacha, zipo.