Naomba ushauri: kuwapima wazawa katika Philippine Cup
Ndugu wapenzi wa mpira wa kikapu, naomba msaada wenu. Naandaa makala kuhusu Philippine Cup, michuano ya ligi ya kulipwa ya Ufilipino, PBA, isiyoruhusu wachezaji wa kigeni, ambayo San Miguel Beermen waliitwaa mara 5 mfululizo kuanzia msimu wa 2014–15 hadi 2019, mchezaji wao June Mar Fajardo akitawala chini ya kikapu. Nimejaribu kulinganisha takwimu za michuano hii na za Commissioner's Cup, michuano mingine ya PBA inayoruhusu mchezaji wa kigeni, lakini huko mgeni ndiye anayepewa mipira mingi ya kufunga na kugombea ribaundi, hivyo ulinganisho huo, kwa maoni yangu, haumtendei mzawa haki. Je, nitumie kipimo gani kuonyesha mchango halisi wa mzawa, au niyachambue mashindano haya kila moja peke yake?