Msaada jamani: utando umebana utumbo wa kaka baada ya dialisisi ya tumboni, tukubali apasuliwe?

Mwana_Shangani: Wadau shikamooni wakubwa. Kaka yangu yuko Uingereza, figo zilifeli kitambo, kwa zaidi ya miaka saba alikuwa anasafishwa kwa njia ya tumbo, yale maji ya sukari ya kuingiza na kutoa, baadae wakamhamishia mashine ya damu tukajua ameshapona tabu. Sasa hivi akila kidogo anatapika, tumbo linajaa linauma, kakonda mpaka nikimuona kwenye video kol nalia. Wamempiga sitiskani wanasema utando wa tumbo umekuwa mgumu umeufunga utumbo wote, wanataka kupasua. Mama yupo Newala hataki kusikia kisu, anasema arudi kuna mzee ana dawa, hela ya korosho ikitoka ndo nauli. Nimwambieje?

NesiLindi: Pole sana mdogo wangu. Hiyo hali huwapata wachache, wengi ni wale waliokaa na dialisisi ya tumbo zaidi ya miaka mitano, hasa kama maambukizi ya tumbo yalikuwa yanajirudia. Na inaweza kuibuka hata mtu akishaacha, hata akishawekewa figo mpya. Dawa ya mzee HAPANA, utumbo umebanwa halafu unampa kitu cha kuusukuma? Tena mitishamba mingine inapandisha potasiamu, kwa mtu wa figo moyo unaweza kusimama. Na huko njiani mashine yake ya mara tatu kwa wiki ataipata wapi?

Mmwera_wa_Nachingwea: Ila mama nae asilaumiwe, shemeji yangu alipasuliwa tumbo utumbo ukajishika tena.

NesiLindi: Kweli kabisa, hofu yake ina msingi. Ni operesheni ya masaa mengi, wanabandua ule utando taratibu utumbo usitoboke, na wapo wanaofia hapo au tatizo linarudi. Ndo maana sio ya kila daktari, kule kuna vituo viwili vinavyosifika kwa kazi hiyo, Manchester na Cambridge. Muulize kama amepewa rufaa ya huko. Muulize pia analishwaje, maana akiwa amekonda hivyo huwa wanamlisha kwanza kwa mshipa apate nguvu. Wengine hujaribiwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, au tamoksifeni, ile ya saratani ya matiti, sio wote inawasaidia.

Mwana_Shangani: Asante sana dada. Nampigia kaka usiku huu nimuulize hayo mawili, kwa mama nitapanda gari mwenyewe hadi Newala, hili si la kwenye simu.

NesiLindi: Sawa. Ila akianza kutapika mfululizo au hajambi kabisa asingoje tarehe ya kliniki, aende emajensi siku hiyohiyo.