Naomba ushauri: kifafa kisichosikia dawa na tiba ya sumaku

Wakuu, mdogo wangu ana kifafa. Alianza na dawa ya kabamazepini, akaongezewa valproeti, dozi hakosi, na bado anaanguka. Daktari kasema dawa mbili sahihi zikishindwa, hicho ni kifafa sugu. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wako hivyo.

Sasa nasoma kuhusu kusisimua ubongo bila kupasua: koili ya sumaku juu ya kichwa, au umeme hafifu wa miliampia 1 hadi 2. Kinachonitia hofu, sumaku hiyo yenyewe, ingawa ni nadra, inaweza kuamsha kifafa! Kuna aliyempeleka ndugu yake? Nafuu ilidumu vikao vya tiba vilipoisha? Au tuanze na MRI (kipimo cha picha ya ubongo), tuulizie upasuaji? Wa mizizi na maombezi, samahani, huko tumeshapita.