Wauza filta za akwariamu, acheni kuwaambia watu watupe katriji kila mwezi!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko. Wenye maduka ya samaki wa mapambo mkipita humu, someni mpaka chini.

Mteja ana tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Anauziwa filta ya kuning'inia yenye katriji moja ya pamba nyembamba iliyojazwa vipunje vya mkaa. Anaambiwa abadilishe kila wiki nne, na katriji za akiba anafungiwa hapohapo. Wiki ya nne anatii. Siku mbili tatu baadaye samaki wanahemea juu ya maji, matamvua yamekuwa mekundu. Anarudi dukani, anauziwa chupa ya dawa ya buluu! Dawa ya nini? Samaki wale wanaungua kwa amonia, na chanzo ni ushauri wa dukani. Halafu hiyo dawa ya buluu inaweza kuwamaliza hata bakteria waliosalia.

Filta haipo kwa ajili ya takataka unazoziona tu. Kinyesi na chakula kinachooza hutoa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hao hung'ang'ania kwenye sponji, kokoto na vioo, na wengi hukaa pale maji yenye oksijeni yanapopita muda wote, yaani ndani ya filta. Kuwakuza upya huchukua wiki nne mpaka sita. Ukitupa katriji pekee iliyomo, umewatupa na wao. Mkaa kuchoka ni kweli, lakini mkaa kazi yake ni rangi, harufu na mabaki ya dawa. Amonia haiigusi. Kwa tangi la kawaida lisilotoka kwenye matibabu, mkaa si lazima hata kidogo.

La pili, zile namba za kwenye boksi. "Lita 880 kwa saa" imepimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji na bila kupandisha maji. Weka sponji, acha ishike uchafu wiki mbili, usishangae ukipata nusu. Pima mwenyewe: kinga jagi la lita moja kwenye mdomo wa kutolea maji (filta ya kuzamishwa ndani ya tangi uivalishe kipande cha mpira kifike juu kidogo ya maji), hesabu sekunde, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 12 ni lita 300 kwa saa. Tangi la vipimo nilivyotaja ni lita 54 kwenye karatasi. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama 45. Mzunguko wa mara nne mpaka sita kwa saa unatosha, kwa hiyo unahitaji lita 180 mpaka 270 zinazopita kweli. Huyo wa 880 anawauzia watu mafuriko.

Filta mliyonayo inaboreshwa bila kununua nyingine. Toa plastiki ya katriji. Pale maji yanapoingilia kwanza weka sponji yenye vitundu vikubwa, kisha pete za seramiki ndani ya mfuko wa neti, na mwisho pamba laini. Mpangilio huo usiugeuze, kwa sababu pete zikitangulia huziba kwa tope. Pamba iwe ya poliesta, ile ya kujazia mito, isiyo na manukato. Pamba ya hospitali huoza na kusambaratika, na sponji za kuoshea vyombo nyingine zimetiwa dawa ya kuua vijidudu. Katriji kuukuu ibanwe humohumo wiki sita ndipo itoke. Ukinunua filta mpya kabisa, ziwashe zote mbili pamoja kwa muda huohuo.

Kuosha: chota maji ya tangi kwenye ndoo, kamua sponji humo. Sabuni marufuku. Maji ya bomba yana klorini, na klorini iliwekwa kuua bakteria, sasa unategemea nini? Pamba laini ikichakaa tupa, sponji na pete zinakaa miaka.

Jibu la 1
Mkuu umesahau umeme. Kanista, yaani filta ya mkebe uliofungwa unaokaa nje ya tangi, likizimika saa kadhaa, oksijeni iliyofungiwa mle huisha, bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi yale maji yanayonuka humwagwa moja kwa moja kwa samaki. Fungua kwanza, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kwa tangi dogo kwenye nyumba za katakata, sponji ya kuendeshwa na pampu ya hewa inazishinda zote, maana kuna pampu za volti 5 zinazokula kwenye pawabenki. Ila pampu ikae juu kuliko maji, au utie vali ya kuzuia maji kurudi. Bila hiyo, siku umeme unakatika maji yanashuka kwenye mpira mpaka kwenye soketi.

Jibu la 2
Na samaki gani? Nawaona watu wanamtia beta, yule samaki mdogo wa mapezi marefu, kwenye mkondo wa mto, mapezi yanachanika.

Jibu la mwanzisha uzi
Kweli kabisa ndugu. Beta anataka maji yaliyotulia, sponji ya hewa inamtosha. Goldifishi ni kiwanda cha kinyesi. Lita 54 ni ndogo kwake hata ukimpa filta mbili. Mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ndio wa kuogopa zaidi, maana maji yao yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya juu, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ya sumu. Kiasi ambacho samaki mdogo kama gapi angekivumilia kwenye pH 7, kwenye 8.3 kinaua. Hao wape mzunguko wa mara nane mpaka kumi.

Jibu la 3
Kabla hujaitupa filta "iliyokufa", chomoa umeme, vuta impela, yaani kile kipanga kidogo chenye sumaku kinachosukuma maji. Mara nyingi ni chembe ya mchanga au utando wa ute kwenye sumaku. Mswaki mkuukuu, dakika tano. Wale wa dukani hawatakwambia, kwa sababu impela iliyosafishwa hailipi kodi ya fremu.